Gonga Tatu, Halafu Mbili

Sehemu ya Kumi na Moja

Msomaji, toa kidole mdomoni. Wiki nzima umekitafuna ukijiuliza ile sauti ya nyuma ya mlango wa chuma ilimwambia nini Corinne. Basi ilimwambia hivi:

"Corrie... gonga tatu, halafu mbili. Gonga upendavyo. Hakuna anayekuja."

Kisha mlango ukagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo.

Corinne Hadley alisimama katikati ya kichochoro chenye giza, moshi wa mashine umemfika magotini. Mchumba wake Doyle alikuwa nyuma yake, amemshika bega. Nyuma ya Doyle alikuwapo Gretchen, dada mkubwa wa Corinne, ambaye alikuwa akicheka tangu langoni.

Mpaka hapo Corinne naye alikuwa akicheka. Kiwanda cha Mayowe si kitu kigeni kwake. Zamani kilikuwa kiwanda cha nyanya za makopo, na sasa kila Oktoba watu wa mji hulipa ili watishwe na majirani zao wenyewe. Alikuwa amepita chumba cha wanasesere bila kupepesa. Maiti zilimwita kwa jina, hakushtuka, maana kila mtu anamjua yule bwana mchekeshaji anayezunguka kwenye foleni, anayenasa majina ya watu na kuyatuma ndani kwa redio. Ndiyo kazi yake.

Lakini tatu, halafu mbili? Hiyo haikunaswa kwenye foleni.

"Boga!" Corinne akapiga ukelele. "Boga! Boga!"

Usicheke. Ndilo neno la pale. Ukilitamka, kila kitu husimama, hata kama shoka limeshafika shingoni.

Taa zikawaka. Mayowe ya kwenye spika yakakatika. Ukuta wa damu ukawa ukuta uliopakwa rangi tu. Chinjachinja mnene aliyekuwa amejificha kwenye kona akazima msumeno wake wa mota, usio na mnyororo, akavua kinyago. Kumbe ni Rhonda, yule mama anayeendesha basi la shule.

"Pole, mwanangu," Rhonda alisema. "Nikuletee maji? Unataka kukaa?"

Corinne hakumsikia. Alikuwa amegeuka, anamtazama Doyle.

"Wewe."

"Mimi nini?"

"Nimemwambia mtu mmoja tu duniani, Doyle. Mmoja. Kwenye pikapu yako, tarehe nne Julai, fataki zinalia. Ulinishika mkono ukasema siri yangu itazikwa na wewe. Sasa huu mlango umejuaje?"

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, nitakueleza kwa ufupi, wengine mtanisamehe. Corinne alipokuwa na miaka tisa, jioni ya watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba pipi, alifungiwa kwenye stoo ya viazi chini ya jiko la nyumbani kwao. Alifungiwa kwa saa tatu nzima. Mama yake, Lorraine, alikuwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Gretchen, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa kwenye sherehe ya watoto kanisani. Mlango ulipofunguliwa, Corinne alimwona Vernon, baba yake wa kambo, mkono wake ukiwa juu ya komeo.

Kesi ikaishia hapo. Vernon alikuwa amewalea tangu Corinne ana miaka minne, lakini kabla wiki haijaisha Mama alimtoa nje na sanduku lake la vifaa. Kila mwaka siku ya kuzaliwa Corinne huja kadi ya Vernon. Kila mwaka Corinne huirudisha posta bila kuifungua.

Habari ya stoo ilijulikana. Habari ya kugonga haikujulikana. Corinne aligonga mara tatu kwa mkono wa kulia, mara mbili kwa wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umechubuka. Aligonga hivyo mpaka mikono yote ikatoka damu. Hakuwahi kumweleza Mama, wala Gretchen, wala yule mama wa ustawi wa jamii aliyekuja na penseli za rangi. Alimweleza Doyle, baada ya miaka ishirini na miwili, kwa sababu alikuwa anataka kuolewa naye bila kumficha kitu.

Sasa turudi kichochoroni, watu wanaparurana.

"Corrie, sijamwambia mtu," Doyle alisema. "Naapa."

"Basi umeota mlango ukasikia?"

"Sijui! Mimi nimeshangaa kama wewe!"

"Hukushangaa. Ulinishika bega. Ulijua kinachokuja."

"Nilikushika bega kwa sababu ulikuwa unatetemeka!"

Gretchen akasogea, akamkumbatia mdogo wake kiunoni. "Doyle, jamani," alisema taratibu. "Mzaha ni mzaha. Lakini huu umevuka mpaka."

Doyle alimgeukia. Ni fundi wa matrekta, si mtu wa maneno mengi.

"Gretchen, tiketi ulikata wewe."

"Tiketi nilikata mimi. Karatasi ulijaza wewe. Si ulisema unataka kumpa bibi harusi kitu cha kukumbuka?"

"Karatasi gani?"

"Mtazame! Eti karatasi gani."

Karatasi ya hofu, msomaji. Pale kiwandani mmoja wenu akikata tiketi huulizwa kama anataka kuijaza: mgeni wetu anaogopa nini? Nyoka? Sindano? Meno ya bandia? Wanaandika, wanapeleka ndani, na waigizaji wanajua pa kumkamata. Watu hujazia wake zao na mabosi wao, wakakaa wanasubiri kicheko.

"Corrie," Doyle alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niangalie. Unamwamini nani?"

"Dada yangu hakuwepo jioni ile. Hajui nilivyogonga. Unajua wewe tu."

"Hilo silo nililokuuliza."

Corinne akavua pete. Haikutoka haraka, kidole kilikuwa kimevimba kwa baridi na alihangaika nayo mpaka aibu ikawajaa wote, pamoja na waigizaji wawili wa maiti waliokuwa wamesimama mlangoni hawajui pa kuweka mikono. Ilipotoka akamtupia. Ikampiga Doyle kifuani, ikaangukia kwenye majani makavu na matumbo ya mpira yaliyotapakaa sakafuni.

Siku kumi na moja kabla ya harusi.

Doyle hakuinama kuiokota. "Nitakuwa kwenye gari," alisema. Akatembea hadi kwenye mlango wa dharura. Maiti mmoja akamfungulia kwa adabu, akamwambia, "Angalia ngazi, kaka, zina utelezi." Mlango ukajifunga.

Hapo Corinne alilia. Sitawaficha, alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, na hakujali. Alilia kama mtu aliyejenga nyumba matofali kwa matofali, halafu akaambiwa ameijenga kwenye kiwanja cha mwenzake.

"Twende nyumbani, mdogo wangu," Gretchen akamnong'oneza. "Mama anatusubiri nje. Tutakula, utalala kwangu. Wanaume wako wengi. Damu ni moja."

Akaanza kumvuta. Kwa haraka kidogo, kama ungekuwepo ungeona.

"Ngoja kwanza," Rhonda akasema.

"Tunaondoka, asante," Gretchen akamjibu.

"Ngojeni tu kidogo. Kuna utaratibu." Rhonda alikuwa akipapasa mfuko wa aproni yake yenye damu ya rangi. "Mtu akisema Boga, karatasi yake anarudishiwa mkononi, anaichana mwenyewe. Hofu ya mtu hailali humu ndani. Mwenye kiwanda hataki mchezo na hilo."

"Ichane wewe," Gretchen akasema.

"Siwezi, mwanangu. Anaichana mwenyewe."

"Nimesema ichane! Hujaona hali aliyo nayo?"

Rhonda amebeba watoto wa mji huu miaka kumi na minne. Anajua sauti ya mtoto anayeficha kitu kwenye begi. Hakumjibu Gretchen. Akampita, akamwekea Corinne karatasi kwenye kiganja.

"Ililetwa Jumanne pale dirisha la tiketi," alisema. "Sikuwepo, sijui kaleta nani."

Corinne aliishika pembe mbili aichane. Sijui ni nini kilimzuia. Labda alitaka kuona mwandiko wa Doyle mara ya mwisho, maana mapenzi hayazimwi kama taa. Akaikunjua.

Haikuwa na mwandiko wa mtu. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama za bango la dukani. Akasoma.

JINA: CORINNE. MWITENI CORRIE. ANAOGOPA KUFUNGIWA STOO. GONGENI TATU HALAFU MBILI. MWANZO ATANYAMAZA. MKIENDELEA ATAMWITA MAMA. MKIENDELEA ZAIDI ATAACHA KUMWITA MAMA, ATAMWITA GRETCHEN.

Alisoma mstari wa mwisho mara tatu.

Machozi yakakauka hapo hapo. Kwa sababu hilo, msomaji wangu, hakumwambia Doyle.

Alimweleza stoo, akamweleza viazi vilivyooza, akamweleza mikono. Kwamba mwishoni alimwita Gretchen, hilo alilibakiza. Alilibakiza kwa huruma. Hakutaka lije limfikie dada yake siku moja, kwamba aliitwa na hakuwepo, kwamba alikuwa kanisani anacheza mchezo wa kung'ata matufaha yanayoelea kwenye beseni huku mdogo wake anamwita. Lingemuumiza bure. Miaka ishirini na miwili alimhifadhi dada yake asiumie.

"Gretchen," alisema. "Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Jioni ipi?"

"Usiniulize jioni ipi."

"Kanisani. Si unajua? Kila mtu anajua nilikuwa kani—"

"Nilikuita nikiwa ndani, mlango umefungwa. Nani alinisikia?"

Gretchen akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama Rhonda, akatazama maiti mlangoni, kana kwamba mmoja wao angemsaidia. Wafu nao walikuwa wametega masikio.

"Nilikuwa kwenye ngazi," alisema.

"Ngazi gani?"

"Za stoo. Upande wa jikoni. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi."

Waliosema mwenye kovu usidhani kapoa walimjua Corinne. Kovu lilifunguka lote, palepale, mbele ya watu. Alihisi tena harufu ya viazi.

"Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Nilipokuita jina lako, ulinisikia."

"Ndiyo, Corrie."

"Hukufungua."

"Niliogopa."

Sasa angalia moyo wa mdogo mtu ulivyo. Hata hapo Corinne alimtafutia dada yake njia ya kutokea. Akamkaribia, akauliza karibu kwa upole: "Ulimwogopa Vernon? Alikutisha? Alikukataza usifungue? Sema tu. Ulikuwa mtoto. Nitaelewa."

Gretchen angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na yote yangeisha kwa kukumbatiana. Miaka ishirini na miwili alikuwa anaishi kwa neno lile. Nafikiri alilitafuta, maana midomo ilimcheza.

"Vernon hakuwepo," alisema. "Alikuwa zamu, kiwanda cha matairi. Aliingia saa tatu usiku. Akasikia unagonga. Akafungua."

"Nilimwona. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo."

"Alikuwa anafungua, Corrie. Mtu akifungua mlango, mkono hukaa hapo hapo."

Mashine ya moshi ikatoa pumzi ya mwisho, ikanyamaza.

"Nani alifunga?" Corinne akauliza.

Gretchen akaanza kulia. Alilia kwa kufunika uso, jambo lililomkasirisha Corinne kuliko kilio chenyewe.

"Ondoa mikono. Nani alifunga komeo?"

"Mama alisema nikuchukue kanisani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikutaka kwenda na mtoto. Nikakutuma viazi. Nikafunga. Nilitaka dakika kumi tu, nikutishe kidogo, nicheke. Halafu ulisema utamwambia Mama. Nikasema basi nisubiri akili zikukae. Halafu ulianza kulia, nikaona nikifungua sasa nimekwisha. Kila dakika ilifanya inayofuata iwe mbaya zaidi. Nilikaa pale nakula pipi. Nilikula zangu, nikala na zako. Tena mara moja nilisikia kama hatua za mtu huko juu, nikasimama nifungue, halafu nikasema ni mbao tu, nyumba ya zamani, inalia. Nikakaa tena. Pikapu ya Vernon ilipoingia uani, nikatoka mlango wa nyuma, nikakimbia kanisani."

"Na Vernon?"

"Kabla sijakimbia nilichungulia dirishani. Alikutoa kwanza. Halafu akaona maganda ya pipi kwenye ngazi. Akayaokota, akayatia mfukoni."

"Alijua."

"Alijua. Mama alipomuuliza, alisema si yeye. Hakusema ni nani."

Corinne aliegemea mlango wa chuma. Kadi ishirini na mbili zilizorudishwa posta zilimpita mbele ya macho, na kila moja akaikumbuka rangi yake. Alimwonea huruma Vernon, kisha akajichukia, kisha chuki ikapata mwenyewe, ikamgeukia aliyesimama mbele yake.

"Na hii?" Akainua karatasi. "Hii ni ya nini? Umri wote huu umekaa kimya, halafu unaniandikia mlango unigongee?"

"Nilitaka ucheke."

"Nicheke!"

"Nilisema, akicheka, basi imepona. Akicheka nitamwambia kabla ya harusi, tutacheka wote. Ndiyo maana nilikuwa nacheka tangu langoni. Nilikuwa nakufungulia njia."

Kuna watu hupima moto kwa mkono wa mwenzao. Mimi nimewajua kadhaa, na wote walikuwa na sura nzuri ya upole.

"Sikiliza, Gretchen," Corinne alisema. "Ya utotoni tuyaweke pembeni. Ulikuwa mtoto, ulikuwa mjinga, ulikuwa na pipi mdomoni. Lakini leo, hapa, dakika kumi zilizopita, nimemvulia Doyle pete mbele ya macho yako. Mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Ukaufanyia nini?"

Gretchen akatazama majani sakafuni.

"Ulisema karatasi kajaza yeye. Umemfanya Doyle alivyofanywa Vernon. Umekaa kwenye ngazi tena, unakula pipi."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usiniite hivyo."

Corinne akapiga magoti kwenye majani makavu. Watu wakadhani amezimia, Rhonda akamkimbilia. Lakini Corinne alikuwa akitafuta pete. Alikuwa anarusha matumbo ya mpira huku na huku, anachambua majani kwa vidole, anahema. Rhonda akaelewa, akapiga goti naye, akaita: "Nyie mlangoni, njooni na tochi!"

Basi wakapiga magoti wote: chinjachinja, maiti wawili, na mtawa asiye na kichwa aliyetokea chumba cha jirani kuuliza kuna nini. Walitafuta pete ya uchumba ya mtu wakiwa na damu mpaka viwikoni. Rhonda alikuwa analia, machozi yanachora mistari kwenye rangi yake. Gretchen alisimama, hakuna aliyemwambia atafute.

"Hii hapa!" mtawa akasema. Ilikuwa imekwama ndani ya sikio la plastiki.

Corinne akaivaa akiwa anakimbia.

Hebu hesabu naye, msomaji. Doyle ni mtu wa kungoja, lakini si mtu wa kungoja bila mwisho. Alikuwa amesema atakuwa kwenye gari. Robo saa ilikuwa imepita. Mtu mmoja alishatolewa kwenye nyumba ya akina Hadley kwa kosa asilolifanya, na hakuna aliyemkimbilia barabarani. Corinne alishuka zile ngazi zenye utelezi mbilimbili, akasukuma turubai la mwisho, akatokea nje.

Mwanga wa jioni ulikuwa bado upo, wa manjano. Kama kawaida pale kwenye njia ya kutokea, ndugu za watu walikuwa wamejipanga na simu zao, wapige picha wanaotoka wakikimbia. Walipomwona Corinne na uso ule wakashangilia. "Huyo huyo! Ona huyo!"

Na kwenye meza ya mbao, chini ya taa za maboga, alikuwa amekaa Mama. Vikombe vinne vya juisi ya tufaha ya moto mbele yake, kimoja tayari kimefikia nusu.

"Mwanangu!" Lorraine alisema, akainua mikono. "Maskini uso wako! Njoo unywe."

"Doyle yuko wapi?"

"Usijali kuhusu Doyle."

"Mama, yuko wapi?"

"Nimemfukuza." Alisema kwa fahari ya mama aliyeua nyoka. "Alikuja hapa kichwa chini, ananiambia Corrie anadhani mimi nimetoa siri ya stoo, mimi sijui nini na nini. Sikumpa nafasi amalize. Mwanaume mwenye hatia huanza kwa kueleza. Nikamwambia, chukua gari lako uende zako, na suti uirudishe dukani. Nimemwondoa kama nilivyomwondoa yule mwingine. Nani atakulinda kama si mimi?"

Corinne akageuka. Pale mwisho wa uwanja, nyuma ya mkokoteni wa majani unaovutwa na trekta ukibeba watoto, aliiona pikapu ya bluu imewasha taa, inangoja trekta lipite iingie barabara kuu. Ilikuwa mbali mno kwa mtu wa kukimbia, ila kwa gari angeiwahi.

"Mama, nipe ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa gari lako. Sasa hivi. Doyle hajafanya kitu. Nitakueleza baadaye, nipe ufunguo tu!"

Ufunguo ulikuwa mezani, karibu na vikombe. Lorraine aliutazama. Akautia kwenye mfuko wa koti, akavuta zipu.

"Kwanza kaa," alisema. "Umepatwa na hofu. Mtu akiwa na hofu haendeshi. Gretchen yuko wapi?"

"Gretchen amenieleza."

"Amekueleza nini?"

Mama aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini kikombe kilichokuwa kinakwenda mdomoni kilisimama njiani.

Corinne alitaka kusema. Maneno yalikuwepo, yamejaa kifuani. Mikono yake ikaanguka juu ya meza. Hakupanga. Vidole vilijikunja vyenyewe, vikagonga ubao.

Tatu kwa mkono wa kulia.

Mbili kwa wa kushoto.

Juisi ya moto ikamwagika kwenye meza, ikatiririka mpaka kwenye mapaja ya Lorraine, na hakuonekana kuihisi.

"Acha," alisema. "Acha, Corrie. Usigonge hivyo. Miaka ishirini na miwili nausikia huo mlio, inatosha."

Kule mwisho wa uwanja trekta likapita. Pikapu ya bluu ikakata kulia, ikaingia barabara kuu.

Corinne hakuitazama. Alikuwa anamtazama Mama, ambaye jioni ile alikuwa kazini, maili kumi na mbili kutoka nyumbani, anawalisha wazee wa watu wengine. Mama, ambaye hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote Corinne aligonga vipi.

"Zile hatua huko juu," Corinne alisema. "Ulikuwa wewe."

Lorraine akaipandisha zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Hukuwa kazini, Mama. Ulikuwa na nani ghorofani?"